Ukuta wa Mwenye Nyumba

Nikiri mapema: mimi ni mlevi wa video za keja. Zile ambazo mtu anafungua mlango wa chumba kitupu, sakafu ya saruji, ukuta wa krimu uliochafuka karibu na swichi, halafu baada ya dakika mbili chumba kimegeuka kuwa kama mapokezi ya hoteli. Nimezitazama hapa Burumba nikiwa nimelala chali kwenye godoro, taa nimezima ili tokeni zifike wikendi, malori yakinguruma kwenye foleni ya kwenda mpakani. Nimetazama nyingi hadi najua ni sekunde gani muziki utabadilika. Kwa hivyo ninapozikosoa, nakosoa kama mteja. Sijasimama nje nikiwacheka wanaoingia.

Kinachonisumbua ni kwamba tunazichukulia kama ushauri tu. Tunauliza pazia lile ni pesa ngapi, stika zile zinapatikana wapi. Ni mara chache tunaziuliza maswali tunayoiuliza hadithi: nani anasimulia, nini kimeachwa nje, na mwisho huu umepatikanaje? Ilhali hizi ndizo hadithi za chumba ambazo watu wa rika langu wanazifuata zaidi. Kuna mtu hajagusa riwaya tangu afanye KCSE, lakini ukimuuliza juu ya video za keja atakueleza mitindo yake, wasanii wake, na nani ameiga nani. Basi tuzihakiki kama kazi yoyote ile.

Msuko

Msuko wake haubadiliki. Kuna "kabla" na kuna "baada". "Kabla" hupigwa mchana, dirisha limefungwa, taa haijawashwa. "Baada" hupigwa usiku chini ya vitaa vya manjano. Nusu ya mabadiliko unayoyashangilia ni taa. Mhusika mkuu yuko peke yake. Hana mtoto, hana mdogo wake aliyekuja kutafuta kazi akawa analala sakafuni, hana jerikeni za maji zilizopangwa nyuma ya mlango. Halafu vitu vinaingia kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na bei yake juu ya kioo cha simu: zulia 1,800, pazia 1,200, kioo cha ukutani 950, ua la plastiki 300. Mwisho jumla inaandikwa kwa herufi kubwa, na sisi kwenye simu zetu tunasema, aki, si hiyo hata mimi naweza.

Bei hizo ndizo zinazotufanya tuamini. Mtu akikutajia bei ya ua la plastiki hadi shilingi, unahisi amekufungulia mfuko wake wote. Lakini kuna bei moja ambayo karibu kila mara haitajwi, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: kodi. Hatuambiwi chumba ni cha nani, kinalipiwa ngapi, dipoziti ilikuwa ngapi, na mwenye nyumba alisema nini juu ya misumari. Chumba kimetoka mbinguni, na kazi ya binadamu ni kukipamba tu.

Mwaka 1929 Virginia Woolf alichapisha A Room of One's Own. Wengi wanakikumbuka kitabu hicho kwa ajili ya chumba, lakini Woolf hakuishia kwenye chumba. Alisema mwanamke anayetaka kuandika anahitaji chumba chenye kufuli pamoja na pauni 500 kwa mwaka, na akaeleza pesa za msimulizi wake zilitoka wapi: shangazi alikufa akamwachia urithi. Unaweza kumcheka. Mashangazi wa aina hiyo si wengi Busia. Lakini hesabu aliiweka mezani. Msomaji anajua chumba kile kimesimama juu ya nini.

Karibu na kwetu kuna Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka 1986. Paulina anafika Nairobi kwa treni mwaka 1956, ana miaka 16, anamfuata mumewe Martin kwenye chumba huko Pumwani. Macgoye hatuachi tukipende chumba kile haraka. Ni wakati wa Hali ya Hatari. Paulina anapotea njiani akitoka hospitalini, na anaporudi anapigwa. Tunajua tangu mwanzo kwamba ufunguo ni wa Martin. Ndiyo maana baadaye, Paulina anapojifunza kazi za nyumbani na kuanza kuishi kwa jasho lake, kitu kidogo tu anachokiweka sawa kwenye nyumba kina uzito. Tunajua kimemgharimu nini, na tunajua nani angeweza kumnyang'anya.

Video za keja zinatupa kile kitu kidogo kilichowekwa sawa, zinatunyima uzito wake. Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza. La pili lilinipata mwenyewe.

Matofali ya karatasi

Sipendi wahakiki wanaojipenyeza kwenye kila insha, lakini hapa sina budi, kwa sababu niliijaribu kazi hii kwa mikono yangu.

Nilipangisha chumba kimoja kwa shilingi 3,500 kwa mwezi. Nilifuata video kama mwanafunzi mwema. Nilinunua rangi nyeupe nikapaka kuta mbili. Ukuta wa tatu nilibandika karatasi yenye picha ya matofali meupe. Sakafuni nilitandika mkeka wa plastiki wenye sura ya mbao, nikaukata hadi pembeni kabisa kwa kisu cha jikoni, nikaugundisha kwa gundi. Fundi alinitengenezea rafu akaipigilia. Yote niliyaandika kwenye daftari: shilingi 11,400, zaidi ya kodi ya miezi mitatu. Kilipendeza, siwezi kudanganya. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nasimama mlangoni kwanza, natazama tu.

Jirani alipiga video akaiweka kwenye status yake. Keateka akaja kuona. Baada ya wiki mwenye nyumba mwenyewe akaja, akavua viatu bila kuambiwa, akasifu, akapiga picha nne. "Umeipendezesha kabisa, dada." Nilifurahi hadi nikamtengenezea chai.

Miezi miwili baadaye notisi ilipita chini ya mlango. Kuanzia Januari kodi itakuwa 4,500, kwa sababu nyumba zimeboreshwa. Nilimpigia. Nikamuuliza, zimeboreshwa na nani? Akanijibu bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza jambo la wazi: "Dada, na si unaona vile chumba kinakaa?"

Nilitafuta sheria. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, ambayo ina baraza lake la kusikiliza kesi za wapangaji na wenye nyumba. Lakini inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mimi nilikuwa nimeipita kwa elfu moja. Chumba changu kilikuwa ghali mno kwa sheria hiyo, na rahisi mno kwa mtu yeyote wa video kukiita apatimenti.

Nilihama. Siku ya kuhama nilijaribu kubandua yale matofali. Yalitoka na rangi ya ukuta, vipande vipande, na nyuma yake plasta ikabaki na madoa kama ugonjwa wa ngozi. Mkeka wa plastiki ulikataa kutoka kabisa. Kwenye dipoziti yangu nikakatwa 1,500 za kurekebisha ukuta. Yaani nililipa kuupamba, nikapandishiwa kodi kwa kuupamba, kisha nikatozwa kwa kuondoa pambo. Baadaye niliona tangazo la chumba kile kwenye kundi la Facebook. Picha zilikuwa zile nne.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja ninapotazama video ya keja. Kila kitu kinapoingia chumbani najiuliza: hiki kitapanda mkokoteni? Zulia litapanda. Pazia litapanda. Kioo kitapanda kikifungwa kwa blanketi. Karatasi ya ukutani haipandi. Rangi haipandi. Mbao za darini, vigae vya kubandika, rafu ya kujengea ndani, zote hizo ni zawadi kwa mwenye nyumba, na aliyeitoa zawadi ndiye mwenye mshahara mdogo.

Mji huu ungefaa kuwa wa kwanza kuelewa hilo. Neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Hapa tunajua thamani ya kitu kinachobebeka. Mahindi, vitenge, mayai, simu, chochote kinachoweza kufungwa kwa mpira wa baiskeli kina soko upande mmoja au mwingine. Halafu tunaingia kwenye vyumba vya watu na kugundisha mishahara yetu ukutani.

Vitambaa vya mama

Sasa tuje kwa kitu ambacho kizazi changu kinakicheka: vitambaa. Unajua ninachosema. Vile vya kroshia, vyeupe au rangi ya maziwa, juu ya migongo ya makochi, juu ya meza, juu ya televisheni, juu ya redio, na kama mwenye nyumba ana moyo wa bidii, juu ya mtungi wa maji. Kwenye video za keja vitambaa viko upande wa "kabla". Vinaondolewa kwa vidole viwili, muziki unabadilika, na hatuvioni tena.

Vitambaa vina historia, na si yote ya kufurahisha. Shule za wamishenari ziliwafundisha wasichana kushona na kufuma. Mwaka 1952, mwaka uleule Hali ya Hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni ilianzisha Maendeleo ya Wanawake, na klabu zake zilifundisha mapishi, usafi, ulezi wa watoto na kazi za mikono. Serikali haikuwa ikigawa nyuzi kwa upendo mtupu. Mwanamke aliyeshika sindano ya kroshia alionekana si tatizo. Kwa hivyo mtu akiniambia vitambaa ni masalio ya ukoloni, simkatalii.

Lakini mtazame mamangu. Amehama nyumba sita za kupanga, Bungoma, Malaba, na tatu hapa Busia mjini. Makochi yamebadilika. Televisheni imebadilika. Vitambaa ni vilevile. Vinafuliwa kwa Omo, vinaanikwa, vinakunjwa, vinaingia kwenye karai moja, na saa moja baada ya kufika nyumba mpya vimeshatandikwa na nyumba imekuwa yake. Havihitaji msumari. Havihitaji ruhusa. Vinaficha kochi lililochanika na vinazuia vumbi. Mwenye nyumba hawezi kuvipiga picha akavitangaza kama vyake, kwa sababu siku ya kuhama vinaondoka. Wanawake walipewa somo la utulivu, wakalitumia kutengeneza mapambo ya mpangaji. Kwa kipimo changu cha mkokoteni, mamangu ndiye mpambaji bora niliyewahi kumwona, na hajui kwamba kuna mashindano.

Leso nayo ni hivyohivyo. Siku hizi video zimeigundua, inatundikwa ukutani nyuma ya kitanda. Nafurahi kuiona, ila mara mbili sasa nimeiona imetundikwa miguu juu, jina linasomeka kichwa chini, na mara nyingine imekatwa ili itoshe kwenye fremu na jina likatupwa pamoja na kipande. Leso iliyokatwa jina ni kitambaa tu. Mtu wa Mombasa angeuliza umegombana na nani. Kwetu huku kitenge ndicho kingi, kutoka upande wa pili, na hakina maneno ya kuharibu. Kuna mikeka ya mafunjo pia, inayoviringishwa kama chapati na kubebwa begani. Vitu hivi vyote viko sokoni, hatua chache kutoka kwa mtu anayeagiza mtandaoni zulia jeupe lenye manyoya.

Na hilo zulia jeupe nalo linastahili sentensi yake. Rangi inayotawala video hizi ni ya uji: krimu, kahawia hafifu, nyeupe. Ni mtindo uliotoka kwenye nyumba za nchi zenye baridi, ambako watu wanatafuta mwanga. Sisi mwanga tunao hadi unatuumiza macho. Kitu kingine tulicho nacho ni vumbi jekundu, na matope yake mvua za masika zikianza. Zulia jeupe Burumba mwezi wa Aprili ni kazi ya kufua ya kila Jumamosi, na maji unanunua kwa jerikeni.

Chakula cha mia mbili

Wapambaji hawahawa huingia jikoni. "Chakula cha jioni kwa shilingi 200." Hapo uongo ni wa namna nyingine, na ni mgumu zaidi kuuona.

Wanahesabu walichonunua leo. Hawahesabu kilichokuwa kabatini. Nyama robo, nyanya tatu, hoho moja, jumla mia mbili. Halafu mkono unaingia kwenye fremu na mafuta ya lita tatu, mchuzi wa soya, pilipili manga, kitunguu saumu, tangawizi, maziwa ya kopo. Hivyo "vilikuwa nyumbani". Mtu anayeishi kwa uchumi wa kadogo hana kitu kinachoitwa "kilikuwa nyumbani". Mafuta ananunua ya kupima, ya shilingi ishirini. Royco ananunua ile ndogo kabisa. Sukari anafungiwa kwenye kikaratasi. Kila kitu kinanunuliwa leo, na kwa vipimo hivyo vidogo kinakuwa ghali kuliko kwa mwenye pesa ya kununua kikubwa. Chakula cha mia mbili cha kwenye video ukikipika kwenye ploti yetu kinafika mia tatu na hamsini, na gesi hujahesabu. Halafu wanasema yabaki uyaweke kwenye friji.

Hapa nataka nisifu kitu, kwa sababu uhakiki usio na sifa ni umbea tu. Sikiliza lugha ya wapishi wetu wanaopika kwa Kiswahili. Hawasemi "kata vitunguu, chemsha maji". Wanasema: "Unachukua vitunguu vyako, unakatakata, unaviweka kwenye sufuria yako." Vitunguu vyako. Sufuria yako. Watu huicheka namna hii ya kusema, ati kila kitu "chako". Mimi naiona ni adabu kubwa. Mpishi anadhani una vitunguu. Anatembea na wewe hadi kwenye sufuria, badala ya kukuamrisha kutoka mbali.

Na tuna sababu ya kuthamini hilo. Mwaka 1936 kulitoka kitabu cha F. H. Le Breton, Up-Country Swahili, kilichoandikiwa askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Mlowezi na mkewe walikuwa na watumishi wa kuwaagiza, na Kiswahili walichokihitaji jikoni kilikuwa cha kuagizia: leta, ondoa, chemsha. Kutoka hapo hadi "unachukua vitunguu vyako" ni safari ndefu, na waliotufikisha ni wapishi wa kawaida ambao hawakuwa wakifikiria historia hata kidogo. Hicho ndicho ningekihifadhi kwanza kama video hizi zote zingefutwa kesho.

Mapishi bora niliyoyasikia kwa sarufi hiyo hayakuwa kwenye simu. Nilipewa na mama anayeuza omena sokoni, siku niliyomwambia yangu hutoka chungu. Alinitazama kwa huruma.

"Mukhana, wewe unaharakisha. Unachukua omena yako, unachambua kwanza, unatoa mchanga na vile vingine visivyo omena. Unamimina maji moto, si ya kuchemka, unaacha kidogo. Unasuuza mara tatu. Ya nne kama hujaniamini. Unaianika hata kwa sinia ikauke, ndio mafuta yasikurukie. Unakaanga mpaka isikie kama majani makavu. Hapo ndio unaweka kitunguu chako na nyanya, na dhania. Kama una maziwa, kidogo. Kama huna, usiende kukopa."

Hiyo "usiende kukopa" ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote nilizowahi kusikia kuhusu chakula cha bajeti. Haina jumla ya bei kwenye kioo, lakini inajua ninaishi vipi. Tazama pia kitu chenyewe. Omena inatoka Ziwa Victoria, kwetu kaunti hii inashukia Port Victoria na Sio Port. Ng'ambo wanaiita mukene, Tanzania ni dagaa. Inakaa mfukoni wiki nyingi bila friji. Inauzwa kwa glasi. Unaweza kununua ya leo tu bila kuaibika. Ni chakula kilichoumbwa kwa ajili ya mpangaji. Sukuma wiki nayo inajieleza kwa jina lake: aliyeipa jina alikuwa anahesabu siku zilizobaki kabla ya mshahara.

Lakini omena ni nadra kuiona kwenye zile video safi. Mrenda hauonekani kabisa, kwa sababu unateleza na kamera haiupendi. Ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi unaoliwa na Wateso na Waluhya wa huku, hauna picha nzuri. Wali mweupe una picha nzuri. Tambi zina picha nzuri. Kwa hivyo kamera ndiyo inayochagua chakula chetu cha jioni, na kamera haijawahi kulala njaa. Hapa nadhani wapambaji wamekosa ujasiri tu. Rolex ya ng'ambo, chapati iliyoviringishwa na mayai, ni kahawia kabisa, inafungwa kwa gazeti au mfuko, na bado watu wanapanga foleni na kuipiga picha. Ladha inaweza kufundisha jicho.

Nazirudia hata hivyo

Baada ya yote hayo, bado nazitazama. Nimejiuliza kwa nini, na sidhani ni upumbavu.

Kwa mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba nyumba ya kweli ni ile utakayojenga kijijini, na kwamba chumba cha mjini ni mahali pa kulaza kichwa, kumwona kijana wa umri wako akisema "hapa ninapoishi leo panastahili kupendeza" ni jambo kubwa. Wengine wanasubiri miaka ishirini waishi vizuri kwenye nyumba ambayo haijafika hata lenta. Video zinasema usisubiri. Pia zimewaweka vijana wa kiume jikoni, mbele ya watu, wakikata vitunguu bila kuomba msamaha. Kwetu mwanamume alikuwa akionekana jikoni kuna mgeni anauliza mama yuko wapi. Mambo hayo mawili siyachukulii kirahisi.

Kwa hivyo siombi ziache kutengenezwa. Naomba ziwe hadithi nzuri zaidi. Mtu aandike kodi kwenye kioo, mwanzo kabisa, kabla ya zulia. Aonyeshe jerikeni. Ahesabu mafuta ya kupima. Na angalau mmoja wao, mwenye wafuasi wengi, apige video ya siku ya kuhama: nini kimepanda mkokoteni, nini kimebaki ukutani, na dipoziti imerudi ngapi. Ningeitazama hiyo hadi mwisho, hata bila muziki. Nadhani ingefundisha wapangaji wengi kuliko "baada" mia moja.

Ninakoishi sasa bado ni Burumba, chumba kimoja, shilingi 3,000. Kuta ni za krimu na nimeziacha zilivyo, pamoja na alama ya mkono wa mtu mwingine karibu na swichi. Nimefunga kamba kutoka nondo za dirishani hadi kwenye bawaba ya mlango, nikaning'iniza kitenge kinachogawa kitanda na jiko. Sakafuni kuna mkeka wa mafunjo. Juu ya meza kuna kitambaa cha mama, ambacho nilikiomba mwenyewe na akacheka sana kabla ya kunipa.

Jirani mpya alipoingia mara ya kwanza alisimama mlangoni akasema, jameni, kwako kunakaa vizuri. Akauliza kama anaweza kupiga kavideo kadogo. Nikamwambia sawa, lakini aanze kwa kutaja kodi. Alidhani ni mzaha. Akacheka, akainua simu, akaanza na kitenge.